Fremu ya Mwisho ya Baba Fregonese

Pieve, 12 Februari 1961

Kaka yangu Ivo,

Naanza na salamu za wote wa nyumba hii, hata za asiyejua kusalimu, maana Noemi wetu ameota jino la kwanza na kazi yake sasa ni kuuma. Ameniuma mimi, amemuuma Gino, na Jumapili kanisani ameuma kitabu cha nyimbo cha mama aliyekaa mbele yetu. Theluji bado imefika kizingitini. Gino yuko palepale kwenye tanuri la matofali, anarudi jioni mwekundu kichwa mpaka miguu, ananiambia, "Mke wangu, leo nimeiva, nigeuze." Nguruwe tulimchinja Januari. Soseji zimening'inia chumba cha juu.

Hatujapata neno lako tangu kabla ya Sikukuu ya Watakatifu Wote. Krismasi nilimwambia baba kwamba posta ya Australia hupita kwa meli inayozunguka dunia nzima. Alinitazama tu. Sikulaumu, kaka. Najua msimu wa miwa unavyokula watu.

Sasa nikuambie lililonikalisha na kalamu. Baba anataka kutengeneza fremu moja ya mwisho ya baiskeli, na ni yako.

Mikono yake imechoka kidogo. Ni uzee, na baridi ya mwaka huu. Ile kampuni kubwa ya baiskeli ya mjini, iliyomletea kazi miaka yote tangu tukiwa watoto, imeambiwa itafute mtu mwingine. Lakini chini ya kitanda chake kuna sanduku la mabomba ya chuma, yale membamba ya baiskeli za kushindania, aliyokuwa ameyaweka tangu mama yupo. Ameyatoa. Ameyapanga juu ya meza ya kulia, moja moja, akayagonga kwa ukucha na kuyasikiliza, nami nina sufuria ya ugali mkononi sijui niiweke wapi.

Akasema, "Haya ni ya Ivo. Mwandikie anipe vipimo."

Nikamwambia, "Baba, si una ile fimbo uliyotia alama za vipimo vyake?"

"Ile ni fimbo ya kijana wa miaka kumi na tisa. Huyu sasa ni mwanamume, amekata miwa, mabega yake siyajui."

Kwa hiyo nakuomba. Wewe wajua anavyotaka kuliko mimi, umekulia karakanani, lakini ameniamuru niandike yote. Mabega. Mikono. Kiwiliwili. Unyayo. Miguu kutoka msamba mpaka sakafuni, peku, yote miwili. Unakumbuka alivyomkasirisha yule daktari wa mifugo, alipomwambia mguu wake mmoja umepungua? "Mungu aliumba wa kulia, akapumzika, ndipo akaumba wa kushoto." Daktari alitaka kuondoka. Baba akamwekea kipande cha ngozi juu ya pedali, na mwaka huo huo daktari akampita kila mtu mlimani.

Fanya haraka, Ivo. Sikutishi. Ila fanya haraka.

Dada yako,
Elda


Ingham, 3 Aprili 1961

Elda,

Barua yako ilinifikia imelowa kama imekuja kwa kuogelea. Huku mvua zimemwaga mto barabarani, wiki nzima hakuna kilichoingia wala kutoka isipokuwa mbu. Hiyo ndiyo sababu ya kuchelewa, au moja ya sababu.

Mbusu Noemi hapo penye jino. Mwambie Gino kwamba aliyeiva haongei.

Mimi mzima. Siku hizi sikati miwa, napika kambini. Tuko watu wa kwetu, Wasicilia, na Mhispania mmoja anayelia akinywa. Nawapikia ugali na maharage, Wasicilia wanasema ni chakula cha kuku, kisha wanaongeza sahani. Kazi ya jikoni si mbaya. Kuna kivuli.

Kuhusu fremu, mshukuru baba. Mwambie nimefurahi. Lakini mabomba kama yale yasipotee kwa mtu aliye upande huu wa dunia. Amtengenezee kijana wa pale Pieve anayeshindana, atamletea sifa. Mimi sishindani tena, nina umri wa kukaa.

Ile baiskeli yetu niliyokuja nayo nimempa rafiki yangu mmoja wa Piemonte. Anaiendesha kama mtu anayekanyaga zabibu, lakini anaifuta kila jioni.

Mikono ya baba imechoka vipi? Umeandika "kidogo". Mama naye alikuwa anaumwa kidogo.

Ivo


Pieve, 7 Mei 1961

Kaka yangu,

Cheri zimetoa maua na kumwaga, kilima chote kilikuwa cheupe, kisha usiku mmoja wa upepo kikarudi kijani. Pasaka tulikula mwanakondoo kwa mama mkwe wangu, ambaye bado ananiuliza nitavaa lini viatu vya mwanamke aliyeolewa. Noemi anatambaa kwa kurudi nyuma. Akikitaka kitu kilicho mbele yake anakiaga na kwenda mbali, analia, hajui kwa nini.

Nilimsomea baba barua yako. Sikuruka neno. Nilipofika kwenye kijana wa Pieve akanyoosha mkono niache kusoma.

"Mwambie mimi si mkate," akasema. "Sigawiwi kwa jirani."

Kisha akasema tena, kwa sauti ya chini, akitazama dirishani, "Kampa mtu baiskeli yake. Kwa nini kampa?"

Gino akasema, "Amezoea pikipiki huko, ni nchi ya matajiri." Baba akamwambia ale.

Ivo, mimi sikusoma sana, darasa la tano tu na miezi ya kushona kwa watawa, lakini nakujua. Wewe ulikuwa unalala na baiskeli ile kando ya kitanda, mama anapiga kelele kwa ajili ya mafuta ya mnyororo kwenye shuka. Huwezi kunieleza kwamba umempa mtu kwa sababu ya umri. Una miaka thelathini na moja. Lakini nimejizuia, sikuulizi. Naomba vipimo tu.

Wiki iliyopita alikuja bwana wa ile kampuni, na gari lake, na kofia mkononi. Alitaka yale mabomba, na alitaka baba awatengenezee fremu moja ya kuonyesha dirishani, kisha waandike jina lao kama kawaida. Nilikuwa nyuma ya mlango na mtoto. Bwana akasema, "Mzee Ulderico, bingwa wetu alipopanda ule mlima mbele ya dunia nzima, sisi tunajua alipanda juu ya kazi ya nani."

Baba akamjibu, "Mnajua ninyi peke yenu."

Ni hayo tu aliyosema. Yule bwana akavaa kofia.

Nakumbuka ndicho mlichogombania mwaka ulioondoka. Wewe ulipiga meza, ulisema mtu aliyetengeneza baiskeli za mabingwa hawezi kufa bila mtu kulijua jina lake. Yeye alinyamaza, nawe ukadhani hakusikia. Alisikia, kaka.

Mikono yake nitakueleza nikipata nafasi. Mtoto analia.

Elda


Ingham, 20 Juni 1961

Elda, baba, Gino, na huyo anayetambaa kinyumenyume,

Sawa. Mmenishinda. Jumapili nimesimama ukutani jikoni, Msicilia mmoja fundi seremala akanipima kwa futi ya mbao, huku wengine wanacheza karata na kutoa ushauri. Mmoja akasema nipimwe na urefu wa ulimi.

Mabega: sentimita arubaini na sita.
Mkono, bega mpaka ngumi: sitini na nane.
Kiwiliwili: sitini na tano.
Unyayo: namba arubaini na tatu.
Mguu wa kulia, msamba mpaka sakafuni: themanini na saba.

Nimemaliza. Atengeneze anavyoona, na ikikamilika aining'inize karakanani palipo pakavu. Siwezi kusema nitakuja kuichukua lini. Safari ni ndefu.

Miwa imeanza kukatwa. Hewa yote inanuka sukari iliyoungua.

Ivo


Pieve, 16 Julai 1961

Kaka Ivo,

Joto limekuja mara moja, kuku wanatembea midomo wazi. Noemi anasimama akishika kiti. Gino amepata kikohozi cha vumbi lakini usiku analala vizuri, nampa maziwa ya moto na asali, ananiita sista. Kutakuwa na mvinyo mzuri mwaka huu, watu wanasema, ila wanasema kila mwaka.

Vipimo vimefika. Nilivisoma mezani baada ya chakula.

Mabega. Baba akatikisa kichwa, "Ameongezeka." Mkono. Kiwiliwili. Unyayo. Mguu wa kulia. Nikaiweka karatasi mezani.

"Soma."

"Nimemaliza, baba."

"Wa kushoto."

Nikageuza karatasi. Nyuma hakuna kitu. Nikatazama ndani ya bahasha.

"Atakuwa amesahau," nikasema.

"Amejifunza kuhesabu kwa miguu ya watu," baba akasema. "Hasahau."

Gino naye akataka kusaidia. "Pengine ni sawasawa, ndiyo maana kaandika mmoja." Baba akamtazama kama mtu aliyetema mate kanisani. Akasukuma sahani. Akaenda kukaa kwenye benchi la nje na kofia yake magotini, na sikumwita, maana mgongo wake ulikuwa hautaki kuitwa.

Hilo ndilo lililotokea, nami nimeliandika lilivyo. Sikuulizi kitu.

Kesho yake alfajiri aliingia karakanani. Unajua anavyochora fremu nzima kwa chaki kwenye ule ubao mweusi wa ukutani, ukubwa wake halisi, kabla ya kukata chochote. Alikuwa ameshaichora mwezi mzima uliopita kwa kukisia. Nilimkuta anafuta mstari wa bomba la juu kwa mkono wa shati. Akauchora upya, chini zaidi, upana wa kiganja au zaidi. Kisha akaukunja kuelekea kiti.

Nikamwambia, "Baba, hiyo si ya kushindania. Mtu atairuka hiyo kama anaruka mfereji."

"Kule kuna joto," akanijibu.

Nikaitikia.

Gino alipoiona akasema, "Mzee, umemtengenezea Ivo fremu ya mwanamke?" Baba akaendelea kupiga tupa. Mimi nikamkanyaga Gino mguu, ndipo akaanza kuisifia chaki.

Kazi imeanza, Ivo. Viungio vya mabomba vimechongwa mpaka vikawa vyembamba kama ganda la yai pembezoni, na kila kimoja kimetobolewa lile jani la mzabibu ambalo kampuni haikuwahi kujua ni saini ya baba. Jumatatu tulilehemu kichwa cha fremu. Tulifunga madirisha kwa magunia giza liwe la kutosha kuona rangi ya chuma. Kikiwa chekundu cha figili bado, kikifika rangi ya tunda la komamanga ndipo, kikizidi hapo umekiua. Shaba ya kulehemia ikiiva haimwagiki. Inatulia kidogo kama inawaza, mara kiungio kinainyonya yote, inatokea upande wa pili kama uzi wa dhahabu kwenye ukingo, na moyo wako unarudi mahali pake.

Utakapoiona utafurahi.

Elda


Ingham, 2 Septemba 1961

Elda,

Gino apunguze vumbi, ajifunge kitambaa puani. Kikohozi si cha kucheza. Noemi nimemwona katika picha, ana paji la uso la mama.

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko nilivyokula.

Kuhusu bomba la juu sina la kusema leo.

Nina swali moja, na ulijibu bila kuzunguka. Nani anashika moto?

Nilisimama nyuma ya baba miaka tisa. Aliyesimama nyuma haoni shaba ikitulia wala haoni uzi ukitokea. Anaona mgongo wa mtu na mwanga pembeni. Baba hakuwahi kusimulia mambo hayo, hata kwangu, alisema macho hayarithiwi kwa mdomo. Na wewe hukuruhusiwa hata kufagia mule ndani moto ukiwaka, kwa ajili ya nywele zako.

Mikono yake imefikia wapi?

Usiniandikie "kidogo".

Ivo


Pieve, 1 Oktoba 1961

Kaka yangu mpendwa,

Sisi wazima, kwa kiasi cha kila mmoja. Zabibu zimeingia, mikono yangu yote ni ya zambarau. Noemi alitembea siku ya kuvuna. Alitoka kwenye kikapu kimoja akafika kikapu kingine, watu wote wakaacha kazi wakapiga makofi, akaogopa makofi akakaa chini.

Moto nashika mimi.

Mikono ya baba inatetemeka tangu mwaka jana wakati wa kuokota njugu za chestnati. Ulianza wa kulia, siku hizi yote miwili. Hawezi kufunga vifungo. Supu anakunywa kwa kikombe, mgeni akiwapo hali kabisa. Daktari amesema haitarudi nyuma. Sikukuandikia kwa sababu wewe huko uko peke yako, na niliona mzigo mmoja unatosha kubebwa na mmoja. Nilikosea hesabu, au labda sikukosea. Sijui.

Alinifundisha kwa vyuma chakavu kwanza. Niliunguza vingi. Siku moja nilikata bomba upande usio wake, ncha nene ya kuingia kwenye kiungio nikaitupa, nikabaki na wembamba wa katikati usiobeba kitu. Nililia kama Noemi. Baba akaliokota lile bomba, akasema, "Kaka yako aliharibu mawili." Kwa hiyo nakushukuru.

Tunafanya hivi. Nywele nazifunga kwa kitambaa kilicholowa. Mtoto anabaki kwa mama mkwe, ambaye sasa anasema mkwewe kawa mhunzi. Baba anasimama nyuma yangu na kuweka kidevu chake karibu na sikio langu. Mikono yake anaificha mifukoni, asije akaigusa yangu. Anasema, "Bado. Bado. Ngoja. Haya." Basi. Nami nasikia pumzi yake, ikikatika najua ni sasa, hata kabla hajasema.

Fremu imeshikana yote. Ameipima kwa uzi, imenyooka. Siku hiyo aliniambia, "Mikono ya mama yako hii." Nilitoka nje nikajifanya natafuta maji.

Tuliipeleka kwa mpaka rangi, yule yule aliyepaka fremu za baba tangu zamani kwa jina la kampuni. Baba akamwambia, "Bluu. Na jina letu." Yule mzee akachukua brashi, akaishika hewani, akauliza, "Jina lenu linaandikwaje, Ulderico?" Ameshika kazi za baba nusu ya maisha yake, hakuwahi kuliandika. Nililiandika mimi kwenye kipande cha mbao, herufi kubwa, akanakili. Sasa liko pale, Ivo. FREGONESE, kwenye bomba la chini, pande zote mbili.

Limebaki jambo moja. Mikono ya pedali, vyuma vinavyoshika pedali. Wa kulia ni wa kawaida, umeshafungwa. Wa kushoto baba ameamua uwe mfupi. Ameuweka kwenye jiliwa na kuuacha hapo, haukati. Nilipomuuliza anangoja nini, aliniambia maneno haya, nami nayaandika yalivyo:

"Mwulize kaka yako, goti la kushoto linakunja mpaka wapi?"

Hakuuliza kama lipo, wala nini kilitokea. Alikuwa ameketi juu ya kile kigoda, magoti yamebana mikono, uso wake mtulivu kabisa. Nadhani alijua tangu siku ile ya benchi. Mimi nilijua siku ya bomba la juu, ila nilikuwa naenda huku na huku kama mtoto wangu, kwa kurudi nyuma.

Jibu swali hilo tu. Mengine yatajisema.

Dada yako anayekupenda,
Elda


Ingham, 19 Novemba 1961

Elda, dada yangu, na baba, maana najua unamsomea,

Salamu kwa Gino na kwa mama mkwe wa mhunzi. Noemi anatembea, umesema. Mimi pia nimejifunza mwaka huu, kwa hiyo tuko darasa moja, ila yeye anaanguka vizuri zaidi.

Baba, goti linakunja, lakini si lote. Nikikaa kitini naweza kurudisha kisigino cha mti mpaka chini ya ukingo wa kiti, hapo ngozi ya mkanda inabana na hakuna zaidi. Chini ya goti kuna mguu wangu mwenyewe kiasi cha kiganja. Baada ya hapo ni mti.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka jana. Kuna reli ndogo inayobeba miwa kutoka shambani. Nilisimama kati ya mabehewa mawili, mvua ilikuwa imenyesha, nikateleza, gurudumu likapita juu ya mguu. Hakuna aliyenisukuma. Yule rafiki wa Piemonte alinifunga kwa mkanda wake wa suruali na kunibeba mgongoni mpaka barabarani, suruali ikimshuka njia nzima. Ndiyo maana baiskeli ni yake.

Mara nyingi nilianza kuwaandikia. Nilipokuwa mtoto, baba, ulikuwa unanipima kila mwaka, siku ya Mtakatifu Yosefu, na kila mwaka uligonga mguu wangu wa kushoto kwa fimbo ukasema, "Huu ndio unaosukuma." Nililala hospitali nikiwaza hilo. Niliona nimepoteza kitu chako, si changu.

Juni nilipofika kwenye mstari wa kushoto ningeweza kuandika namba ya zamani. Naikumbuka. Msicilia aliniambia, "Andika yoyote, nani atajua?" Lakini fremu ingekuwa ya mtu ambaye hayupo, na wewe ungeimaliza, ungeitazama, ungeridhika nayo. Sikuweza. Wala kuandika ile ya kweli sikuweza. Nikaacha wazi. Nilidhani labda umezeeka, labda hutaona.

Umeona. Umelishusha bomba. Niliposoma hilo nilikaa sakafuni jikoni, maharage yakaungua, na Wasicilia wakala yalivyo bila neno hata moja, wao wanaolalamikia hata maji.

Usiukate huo mkono wa pedali kwa maneno yangu. Nataka uupime nikiwa nimesimama mbele yako, nimevua viatu, cha mguu wa kweli na cha ule wa mti. Elda ashike futi.

Nimeshapata nafasi kwenye meli. Tunaondoka Januari, tunashuka Genova katikati ya Februari, jina la meli na siku nitaandika kwa posta ya ndege nikishakuwa na uhakika. Sirudi kuwatembelea tu, narudi kukaa. Kule kwenye karakana kuna mtu anahitajika kusimama nyuma ya anayeshika moto, na kusimama naweza, siku nzima nikitaka.

Elda, sasa nakuambia wewe. Ngazi ya meli ni ndefu na nitashuka polepole, na fimbo. Nyuma yangu watu watakuwa wanasukumana, waache wasukumane. Baba atataka kupenya aje kunishika mkono katikati ya ngazi. Namjua. Usimwachie. Mimi kushuka najua.

Mshike yeye.

Ivo